Nyumba Nje ya Kamba

Kabla hata hatujaiona bahari walitufunga mikanda. Mikanda ya plastiki mkononi, ile isiyofunguka mpaka uikate kwa mkasi, kama unavyofungwa wodini ili wasikuchanganye na mwenzako. Yetu ilikuwa ya kijani. Dada wa mapokezi alitueleza kwa tabasamu kwamba kijani maana yake ni kitanda, chai ya asubuhi na bahari ya kuangalia. Dhahabu ni hivyo vyote, pamoja na mtelezo wa maji, aiskrimu muda wowote na boti ya kioo.

"Boti ya kioo ni nini?" aliuliza binti wa kaka yangu.

Ana miaka sita na tunamwita Kwanini, na ukikaa naye mpaka uji upoe utajua kwa nini.

"Chini ina kioo, mrembo. Unakaa tu, unawaona samaki wakipita."

"Wakiwa hai?"

"Wakiwa hai."

"Na wao wananiona?"

Dada wa mapokezi alitafuta jibu kwenye kompyuta, hakulipata. "Ila ni ya mikanda ya dhahabu," akasema, akampa peremende.

Yule mtoto hakuwa ameomba kitu kingine chochote. Mtelezo hakuutaka, aiskrimu aliiangalia mara moja akaisahau. Kwetu ni mbali na bahari. Samaki wote aliokutana nao walikuwa wamekwisha kukaangwa. Na tangu aanze kusema alikuwa na shauri moja nao: samaki hupepesa macho au hapepesi? Baba yake alisema hupepesa, kila chenye jicho hupepesa. Mama yake alisema hapepesi. Mwalimu wake alisema fungueni ukurasa unaofuata. Kwa hiyo alipanda basi siku nzima, akatapika njiani, ili awaulize wahusika wenyewe.

Safari tuliipata kupitia wifi yangu, muuguzi, aliyeshinda bahati nasibu kwenye sherehe ya kazini kwake. Vocha ilisema "chumba cha familia". Haikusema familia ni watu wangapi. Niliisoma mbele na nyuma, hadi yale maandishi ya chini yanayoandikwa kwa wino wa aibu, sikuona idadi. Tukaenda wote: wifi, kaka, watoto wao wawili, baba yetu na mimi. Kwenye kiwanda cha kushona sare ninakofanya kazi, nilijifunza jambo moja: wenye vyao huandika sheria haraka haraka, na penye haraka pana tundu. Pale kiwandani kantini ilikuwa na milango miwili, mmoja wa ofisini na mmoja wa sisi wa cherehani, na wetu ulipitia jalalani. Kibao cha kutukataza mlango wa ofisini nilikifungua kwa bisibisi mchana kweupe. Skrubu zake ninazo mpaka leo.

Basi asubuhi ya pili nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa Burudani za Familia, pembeni ya bwawa. Kupaka watoto rangi usoni. Mbio za kijiko. Kuokota makombe. Halafu: mashindano ya jumba la mchanga ufukweni, watoto wasiozidi miaka kumi. Watu wazima wasiguse jumba kwa mikono. Mwamuzi kupita saa kumi alasiri. Zawadi, safari ya boti ya kioo kwa mshindi na familia yake, *mkanda wa rangi yoyote*.

Nilirudi chumbani mbio.

"Amkeni! Wametutegea mtego na wamenasa wenyewe."

Mjue kwamba baba yangu ni mwashi. Kaka yangu ni mwashi. Babu yetu alikuwa mwashi, na ukuta alioujenga uliwahi kugongwa na lori, lori ndilo likauzwa chuma chakavu. Kuiita familia yetu kwenye mashindano ya kujenga ni kumwita kuku kwenye mashindano ya kuparua.

Baba alikaa kitandani akakohoa kikohozi cha kazi. "Jumba la vyumba vingapi?"

"Baba, ni la mchanga. La kuchezea."

"Hakuna nyumba ya kuchezea," akasema. Akafungua begi lake, akatoa taulo, na ndani ya taulo mwiko.

"Baba mkwe!" wifi akashtuka. "Umekuja likizo na mwiko?"

"Ningeuacha nyumbani nani angeulinda?"

Ufukweni kulikuwa na kamba. Ya manjano, nene kama kidole gumba, imekatiza mchanga kutoka ukuta wa hoteli mpaka kwenye mawe. Upande wa juu kulikuwa na miavuli, viti vya kulalia, watoto na ndoo zao za plastiki. Upande wa chini hapakuwa na mtu. Kijana mwenye fulana ya njano na filimbi shingoni, mchangamshaji wa hoteli, alikuwa akiwapanga watoto upande wa juu wa kamba na kuwaimbia wimbo usio na kichwa wala miguu. Mimi nikiona kamba huwa nasikia moto kwenye masikio. Sijawahi kuona kamba iliyofungwa kwa ajili yangu.

Baba aliinama, akachota mchanga wa juu, ukamtiririka vidoleni.

"Huu si mchanga, ni sukari. Hapa hujengi hata banda la kuku."

Akaivuka kamba. Akateremka taratibu, akipiga kisigino chini kila baada ya hatua chache, kichwa kimeinama upande kama daktari anayesikiliza kifua. Karibu na maji akasimama. Akapiga kisigino. *Du.*

"Hapa," akasema. "Hapa hata ghorofa."

Kweli, palikuwa pazuri. Pametandazika, pagumu, peusi kidogo kwa unyevu, na papana. Tulishangaa watu wote wale kuacha kiwanja kama kile wakaenda kubanana juu kwenye vumbi.

"Watu wa pesa hawajui kuchagua kiwanja," alisema kaka.

Filimbi ililia. Mchangamshaji, ambaye kuanzia hapo nilimwita Filimbi, alikuja akikimbia.

"Mama, samahani. Huko chini siyo..."

"Siyo nini? Siyo kwa mikanda ya kijani?"

"Hapana, Mama, ni kwamba mashindano yako ndani ya kamba."

"Imeandikwa wapi? Nimeusoma ubao wako. Umeandika ufukweni. Huu ni nini, jikoni?"

"Haikuandikwa, lakini..."

"Lakini ndiye mama mzazi wa dhuluma. Nimewazika akina 'lakini' wengi kabla hujazaliwa."

"Basi niwaambie tu, saa tisa hapa..."

"Saa tisa tutakuwa tunapaua. Nenda kawaimbie wenzako."

Akaondoka akigeuka nyuma. Wifi alikuwa amekaa chini ya mwavuli, kwenye mpaka, nusu yake ndani ya kamba na nusu nje, kama kawaida yake. "Wifi," akaniita, "yule kijana alikuwa na neno."

"Akiwa na neno ataliandika."

Kazi ikaanza. Kwanini alitaka kuchota ndoo ya kwanza na kuifudikiza kama wenzake. Baba akamzuia.

"Kamba kwanza, mjukuu wangu. Nyumba bila kamba ni rundo."

"Shangazi hapendi kamba."

"Hii ni ya kwetu," nikamwambia.

Kaka alivua kamba za viatu vyake, wakazifunga kwenye vijiti vya aiskrimu vilivyookotwa, wakapata mstari. Timazi lilikuwa ufunguo wa chumba ukining'inia kwenye uzi wa taulo. Pima maji hatukuwa nayo, baba akafunga jicho moja na kupima kwa upeo wa bahari. Alitazama muda mrefu.

"Bahari imeinama kidogo kushoto," akasema.

"Baba, bahari haiinami."

"Miaka arobaini najenga. Usinionyeshe kilichoinama."

Kisha msingi. Mdogo wake Kwanini ana miaka mitatu na tunamwita Tingatinga, kwa sababu hajawahi kukuta kitu kimesimama akakiacha. Siku ile kwa mara ya kwanza kipaji chake kilipata ajira: aliwekwa ndani ya mtaro arukeruke kuushindilia. Kwanini alichimba kwa karai la kuchezea, akabeba mawe bapa kutoka miambani, akayapanga ubavuni mwa mtaro moja moja, huku babu yake amesimama juu yake, mikono nyuma, anaung'ata mdomo.

Huko juu watoto walikuwa wamemaliza. Ndoo imejazwa, imegeuzwa, bendera ya karatasi juu, picha. Sisi jua lilipofika utosini bado tulikuwa chini ya ardhi.

"Babu," Kwanini akasema, "jumba liko wapi?"

"Linakuja. Kazi ya nyumba iko chini."

"Mwamuzi ataionaje?"

"Mwamuzi wa kweli huanza na msingi."

"Babu! Mwamuzi anakuja na macho, haji na jembe!"

Baba akamwangalia, akaniangalia mimi, kama kwamba nimemlisha maneno. Sikumlisha. Ni damu.

Akakubali kupandisha ukuta. Matofali waliyafyatua kwa kisanduku cha sabuni cha bafuni, na Kwanini akawa anayapanga. Hapo ndipo baba aliposhindwa. Tofali la tatu lilikaa upande, mkono wake ukatoka nyuma ya mgongo wenyewe, kama nyoka anayetoka shimoni.

Filimbi ililia kule juu. "Mikono, mzee! Mikono!"

Baba aliurudisha mkono kama mwizi wa sukari. Tofali la nne likakaa vibaya zaidi. Alifumba macho. Kaka aliikalia mikono yake. Nimewaona watu wakiteseka kwenye foleni za hospitali, lakini mateso ya fundi anayetazama tofali limekaa upande sijayaona kwingine.

"Baba," nikamwambia, "ubao umesema wasiguse kwa *mikono*."

"Nimesikia."

"Haukusema miguu."

Alifumbua jicho moja. Akavua viatu.

Ndugu zangu, mngekuwepo. Baba yangu, mzee wa watu, ameketi mchangani, ameegemea viwiko, mwiko umebanwa kati ya kidole gumba cha mguu na jirani yake, anapiga plasta. Kaka yangu ananyoosha kona kwa kisigino, ulimi nje. Watu wa mikanda ya dhahabu wakaanza kuinuka vitini mmoja mmoja, wakaja mpaka kwenye kamba wakasimama. Mmoja alisahau aiskrimu yake ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Filimbi alikuja tena. "Mama, hiyo ni hila!"

"Hiyo ni sheria yako. Mimi nimeisoma tu. Wewe uliiandika bila kuisoma."

Filimbi akaangalia nyuma yangu, akasema kwa haraka, "Mama, tafadhali, geuka uone..."

"Ukitaka kusema na mimi, sema na mimi. Usiniambie nigeuke."

Akashika kichwa, akaenda kumwambia wifi. Wifi alimjibu, nilisikia: "Mdogo wangu, mimi nimeolewa humo miaka minane. Kaa chini unywe maji."

Kwa kweli nyumba ilikuwa imependeza. Kuta zimenyooka, kona kali kama karatasi, mlango una kizingiti cha ganda la kombe. Kwanini mwenyewe ndiye aliyeamua madirisha: yote upande wa bahari.

"Kwa nini usiyagawe?" baba akamuuliza.

"Ili samaki wanione."

Alikuwa na mchanga mpaka kwenye kope. Akasogea nyuma, mikono kiunoni, akaitazama nyumba, akaitazama boti ya kioo iliyofungwa kule gatini, akaitazama tena nyumba. Ungedhani amekwisha kukata tiketi.

"Sasa," baba akasema, akijifuta jasho, "tukitaka ukuta usipasuke, tumwagilie. Nahitaji maji."

Kwanini akachukua kikombe, akageuka kuyafuata maji. Hakwenda hata hatua. Maji yalikuwa yamesimama visiginoni mwake.

Bahari ya pale haipigi. Inanyemelea, kama paka anayejua sahani ilipo. Hakuna aliyeisikia. Ulimi wa kwanza uliingia kwenye mtaro wa msingi, ukazunguka nyumba yote ukikagua, ukatulia. Wa pili ukaja na mwenzake.

"Maji!" kaka akapiga yowe.

Hapo hapakuwa na sheria tena. Mikono ilitoka. Baba alipiga magoti akajenga tuta kwa viganja, kaka akalala chini akawa tuta mwenyewe, mimi nikasimama mbele na kuiambia bahari wazi wazi kwamba sisi tumetangulia. Kule juu filimbi ililia kwa mazoea, "Mikono! Mikono!" halafu ikanyamaza, Filimbi mwenyewe akaja mbio akaanza kujenga tuta na sisi.

"Nilitaka kukwambia, Mama," akasema akihema, mchanga mpaka mdomoni. "Saa tisa maji huanza kupanda, hujaa mpaka kwenye kamba. Ndiyo kazi ya kamba. Ni ya maji. Siyo ya watu."

Nilimtazama. Nikaitazama kamba. Sina mazoea ya kukosa la kusema, nikaona hali ile hainifai.

"Na mkanda?" nikamuuliza. "Nao ni wa maji?"

Niliuangalia mkono wake, haukuwa na mkanda wa rangi yoyote.

"Wewe hiyo boti ya kioo umewahi kuipanda?"

"Huwa naisukuma," akasema.

Ukuta wa madirisha ndio ulioanza kwenda. Haukuanguka, ulikaa chini, kama mtu aliyechoka kusimama. Kisha kona. Kisha mlango na kizingiti chake. Wakati huohuo huko juu mwamuzi alikuwa amepita, meneja mwenyewe kwa kofia pana, na tukasikia makofi. Ameshinda mtoto wa ndoo moja na bendera moja.

Kwanini aliyasikia yale makofi. Hakulia. Alisimama na kikombe chake, mdomo wa chini umetokeza, anatazama kule ilikofungwa boti. Ningependa alie. Mtoto akilia unajua pa kumshika.

Baba alivua kofia. Tangu nimjue amebishana na wahandisi, na mvua, na mwezi wenyewe; hajawahi kukubali kosa la uzi mmoja.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimekosea kiwanja."

Ndipo Tingatinga, aliyesahaulika ndani ya mtaro maji yakiwa magotini, alipopiga kelele.

"Kinaniteke! Kinaniteke miguu!"

"Nini kinakutekenya?"

"Vitu!"

Kaka akainama kumtoa, akabaki ameinama.

Kuta zilikuwa zimekwenda, lakini msingi ulikuwepo. Ule msingi uliotuchelewesha nusu siku, ulioshindiliwa kwa miguu na kuzungushiwa mawe bapa, ulikuwa umesimama pembe nne zake, umejaa maji maangavu. Na ndani yake, kutoka chumba hiki kwenda kile, walikuwa wakipita samaki. Wadogo kama kucha, mwili kama kioo, ungedhani ni macho matupu yanayotembea.

"Wapangaji wameingia kabla hatujapaua," alisema kaka, polepole.

Kwanini aliangusha kikombe. Akalala kifudifudi, kidevu ndani ya maji, pua karibu iguse. Samaki mmoja alijitenga na wenzake, akaja, akasimama mbele ya uso wake pale lilipokuwa dirisha. Wakatazamana. Kwanini alikaza macho mpaka machozi yakaanza kumtiririka, naye samaki akakaza, akichezesha mkia kidogo tu ili asisukumwe. Kwanini akapepesa. Samaki bado.

"Hapepesi," akanong'ona.

"Nilisema!" wifi akapaza sauti kutoka kwenye mwavuli.

"Na ananiona, Babu. Ananiona kabisa."

Habari ya samaki haihitaji filimbi. Watoto walimiminika, wakaiinamia kamba na kuipita chini. Wa mbele alikuwa yule mshindi, bendera mkononi, mkanda wa dhahabu unang'aa.

"Nami nione," akasema.

Kwanini aliinua uso unaochuruzika, akamtazama, akautazama mkanda. Nilijiandaa. Nina maneno ya wakati kama ule, nimeyatunza kwa miaka. Niliona nimwachie mtoto ayaseme kwa njia yake.

"Lala hapa," akamwambia, akimsogezea nafasi. "Usipepese. Ukipepesa umeshindwa."

Wakalala kuzunguka msingi, vichwa ndani, miguu nje, kijani na dhahabu, hakuna aliyekwenda kuuliza mapokezi. Meneja alisimama upande wa juu wa kamba ameshika kofia isipeperuke. Filimbi aliinua filimbi mdomoni, akamwangalia meneja, akaitema, akalala kwa tumbo kwenye nafasi iliyobaki, na fulana yake ya njano na yote.

Baadaye bahari ikauchukua na msingi pia. Ilichukua vyake, hatuna kesi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta yule mtoto wa dhahabu ameketi mchangani peke yake, ametoka kwenye boti.

"Umeonaje?"

"Kioo kina mikwaruzo," akasema. "Niliona kandambili." Akaangalia upande wa chini. "Leo wanajenga tena?"

Walikuwa wanajenga. Baba alikuwa nje ya kamba, miguu mitupu, anamuuliza Filimbi maswali mfululizo: maji yanajaa saa ngapi, yanaingilia upande gani, na kama ni kweli yameinama kushoto. Kaka anafunga kamba za viatu kwenye vijiti. Kwanini amesimama katikati na karai kichwani kama kofia ya fundi.

"Safari hii bila kuta, Babu," alikuwa akimwambia. "Msingi tu. Na vyumba viwe vingi. Waje na mama zao."

Mimi nilikwenda nikaikalia kamba. Ile nimeisamehe. Mikanda bado.